Matofali Niliyoyamwaga Juani

Mwanangu, iko siku moja ambayo hadi leo nikiikumbuka naona haya. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, nimetoka kwetu Vidunda na cheti changu cha kidato cha nne, nikapata kazi Magomeni, hapa Kilosa, kwa mama mmoja mzalisha vifaranga wa samaki. Tulimwita Mama Semeni. Maneno yake yalikuwa machache, na hakuyarudia.

Alikuwa na matangi matatu ya perege. Maji machafu yalishuka kwenye pipa la chini, yakapita katikati ya vipande vya matofali ya kuchoma, kisha pampu ikayarudisha juu. Matofali yale yalikuwa meusi, yana utelezi, yananuka tope. Mimi msomi niliyaonea kinyaa.

Mama Semeni akasafiri siku nne kumuuguza dada yake. Vifaranga wote walikuwa wameahidiwa kina mama wa Masanze, ambao walikwishachimba bwawa na kulijaza maji. Aliniachia agizo moja: "Lisha kidogo, mengine usiguse." Lakini nilisikia kwamba mwenye hoteli mmoja wa Mikumi anakuja kutazama samaki, nikataka akute pamependeza. Nikayatoa matofali yote, nikayamwaga uani juani, nikajaza changarawe nyeupe za mtoni, laini, nilizozisugua mpaka zikang'aa. Kumbe uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mgeni mwenyewe hakuja. Siku ya tatu asubuhi nikawakuta vifaranga wote wako juu ya maji, midomo wazi, wanahema. Nikadhani ni njaa, nikawaongezea pumba. Kufika adhuhuri wa kwanza wakageuka matumbo juu. Simu ikalia.

"Samaki hawajambo?" aliuliza Mama Semeni.

"Hawajambo, mama," nikajibu, na ndoo ya samaki waliokufa iko miguuni pangu.

Uongo ule haukuniacha nitulie. Kila nikiketi nainuka tena kuchungulia matangi, na kila nikichungulia wamekufa wengine. Jioni nikampigia, nikasema yote huku nalia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Acha kulisha. Punguza maji nusu, ongeza ya kisima, polepole. Nakuja."

Kesho yake asubuhi akaingia. "Shikamoo, mama." "Marahaba," akajibu bila kunitazama, akaenda moja kwa moja kwenye pipa, akachota changarawe kiganjani.

"Umechagua nyumba kwa rangi ya ukuta," alisema. "Hukuuliza nani anaishi ndani. Ule utelezi ulikuwa hai. Ni bakteria, ndio wanaomaliza sumu ya mkojo wa samaki. Tofali lina vitundu, wanakaa. Kwenye jiwe laini watashika wapi? Na waliokuwamo umewakausha juani."

Tukaomba ndoo mbili za matofali yenye utelezi wake kutoka kwa mfugaji mwenzake, tukayachanganya na mapya. Walipona wachache. Hakunifukuza, ila alisema, "Masanze utakwenda wewe."

Nilisimama mbele ya wale kina mama, kando ya bwawa lisilo na samaki, nikasema kosa ni langu. Mmoja wao, mtu mzima kabisa, akaniuliza, "Na matofali, sasa umeyajua?"

"Nimeyajua, bibi."

"Basi tutasubiri."

Kwa hiyo wewe unayetaka kuweka tangi lako, sikia. Usichague kitu cha kuchujia kwa weupe wake. Chagua chenye vitundu, kisichooza, kinachopitisha maji, na ukivumilie wiki kadhaa, utelezi ushike, kabla ya kuweka samaki wengi. Ukikiosha, tumia maji ya tangi lile lile. Ukikibadilisha, badilisha kidogo kidogo, cha zamani kibaki kuwa mbegu. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Samaki wale wengi hawakuuawa na changarawe peke yake, mwanangu. Waliuawa na mchana ule niliokaa kimya.

Nenda salama. Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akupe usingizi mtamu na moyo usio na la kuficha.