Tulivyomfuata Mize Wete

Vuli ilipokatika tulipata barua kutoka Wete, kisiwani Pemba. Aliyeiandikisha ni Bi Mboja, mama wa Faki, rafiki yangu niliyesoma naye skuli Unguja. Faki alikuwa ameanguka kutoka juu ya mkarafuu, akafa. Mkewe alikuwa amemtangulia. Alibaki binti yao, Mize, mwenye miaka kumi na mmoja. "Macho yangu yamekwisha," bibi alisema katika barua. "Njooni mumwone. Mkiridhika mchukueni, awe mwanenu."

Miaka minane mimi na mke wangu Mwanahamisi tulikuwa tumeoana, na nyumba yetu haikuwa imesikia kilio cha mtoto. Aliniomba niisome barua ile tena, kisha tena, kama mtu anayeogopa kwamba maneno yatageuka.

Alhamisi asubuhi tulipanda lori la Dar es Salaam kutoka kwetu Bagamoyo. Jirani yetu Bi Tatu alitusindikiza kwa sauti iliyofika sokoni: "Mtoto wa miaka kumi na mmoja halelewi! Huyo atawalea nyie!" Watu wakacheka. Mwanahamisi naye alicheka, lakini vidole vyake vilikuwa baridi kwenye mkono wangu mpaka Mapinga, dereva aliposimama kutia gari maji.

"Akitukataa je?" aliuliza.

"Hatatukataa."

"Umejuaje?"

Dereva akawasha gari tena.

Jumamosi tulikuwa Unguja. Meli ya kutoka Dar ilikuwa imemtapisha mke wangu njia nzima, na uso wake ulikuwa wa kijivu tulipoingia afisini kuomba cheti cha kumsafirishia mtoto. Karani alichovya kalamu. "Jina la baba yake?"

Hapo ndipo nilipokosea. Niliogopa kwamba mtoto wa watu angezua maswali, tukarudishwa mikono mitupu. Na nikisema kweli yote, nilikuwa na uroho pia: nilitaka kuona jina la Mize likikaa karibu na langu. Nikasema, "Salim." Salim ni mimi. Mwanahamisi alinitazama mara moja, akainamisha kichwa.

Wete tulipokewa kwa heshima na samaki wa nazi. Siku mbili Mize alituletea chakula, akatusalimu "Shikamoo" kwa sauti ndogo, kisha akarudi kwenye mkeka wake uani. Alikuwa akichambua karafuu kutoka kwenye vikonyo vyake, mgongo ametugeuzia. Nilikuwa nikiutazama mgongo ule kama mgonjwa anavyoutazama mlango wa daktari.

Siku ya tatu Bi Mboja alituita sote. "Mwenyewe ana akili zake, aulizwe. Na akienda akachoka, mtamrudisha. Mmekubali?"

Tulikubali. Mize akaomba aone cheti. Alikisoma taratibu, kidole juu ya mstari.

"Hapa pameandikwa Mize binti Salim."

"Ni kwa ajili ya safari tu, mwanangu," nilisema.

Akanirudishia karatasi. "Huyu mimi simjui. Mpelekeni yeye." Akarudi kwenye karafuu zake.

Mimi ndiye mwalimu wa chuoni ninayewasomesha watoto wa watu aya ya Kurani isemayo kwamba watoto wa kupanga waiteni kwa baba zao. Arubaini ya Faki ilikuwa haijafika, nami nimekwisha kumzika mara ya pili. Mwanahamisi alisema kwa upole, na upole ule uliniuma zaidi: "Kalifute jina lile, mume wangu. Hata kama hatakuja nasi, lifute."

Jumatano, saa ileile meli yetu ya kurudi ilipokuwa ikingojwa, nilisimama mbele ya karani wa Wete, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, nikamweleza yote. Nilitegemea aite askari. Alinitazama juu ya miwani.

"Bwana mwalimu, wenzako hungoja miezi tisa. Wewe umezaa kwa kalamu?"

Waliokuwa nyuma yangu waliangua kicheko. Kisha mzee akaacha mzaha. Cheti kipya, alisema, hakitatoka mpaka bibi aje kutia kidole gumba, na mtoto aulizwe mbele yake. Meli ikaondoka bila sisi. Ilibidi tungoje wiki nzima.

Siku ya pili ya kungoja, Mize aliuliza bila kugeuka, "Baba alikuwa anaogopa nini?"

"Ng'ombe," nikasema. "Tulikuwa tunazunguka shamba zima kwenda skuli kwa sababu ya ng'ombe mmoja. Tena amefungwa."

Aligeuka. "Muongo!"

"Wallahi."

Alicheka, mkono mdomoni, kisha kicheko kikawa kilio. Mwanahamisi akaenda akaketi kwenye mkeka ule, akachukua kishada cha karafuu, akaanza kuchambua pamoja naye.

Jumatano iliyofuata karani aliuliza, "Unakwenda kwa hiari yako?"

"Nakwenda kutazama," akasema Mize binti Faki. Ikaandikwa.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Kila lori liliposimama alishika furushi lake na kuuliza, "Ndiyo hapa?" Bagamoyo tuliingia adhuhuri. Aliliweka furushi kando ya mlango, wala hakulifungua. Siku sita lilikaa pale, na kila asubuhi Mwanahamisi alilitazama furushi kabla ya kumtazama mtoto.

Nilidhani mtoto mkubwa hupokewa kama mzigo, kutoka mikono hii kwenda mikono ile. Sivyo. Huja na watu wake, waliokufa na walio hai, na mwenye nyumba hana budi kuwapa wote nafasi, bila kujua kama watakaa.

Siku ya saba, tukila, Mize aliinua macho paani.

"Pale juu pana tundu."

"Dogo tu," nikasema.

"Masika patavuja. Na mimi ndipo ninapolala."

Tonge likabaki mkononi mwa Mwanahamisi. Sikungoja kumaliza kula. Nilivaa kofia yangu, nikaenda kuagiza makuti.