Mafuta ya Nyonyo

Jirani anakaanga nyonyo leo, na harufu yake imenirudisha siku ile.

Nilikuwa mwali. Baada ya msimu mzima wa kufungiwa ndani, siku ya kutolewa bibi alinipaka mafuta ya nyonyo kuanzia utosini hadi vidoleni.

"Simama vizuri, mke mwenzangu, wakuone unavyong'aa."

Nilitazama mikono yangu, nikaipenda.

Ngoma ilikuwa haijaanza alipofika Mjerumani mmoja na sanduku lake la kupigia picha. Askari wake akanitafsiria: "Bwana anasema unanuka. Kayaoshe hayo mafuta ndipo akupige picha."

"Usiende," bibi akasema.

Nikaenda, mpumbavu mimi! Nilikimbilia mtoni, nikajisugua kwa mchanga mpaka ngozi ikawasha. Niliporudi, Mjerumani alishaondoka zake, na ngoma zilikuwa zinalia kuniita.

Bibi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alichukua kibuyu cha mafuta, akakipindua juu ya kiganja chake, akangoja. Halikudondoka hata tone.

Nikatoka mbele za watu nimepauka.