Ngazi Alizozijua Dhondiba kwa Nyayo

Kwa miaka thelathini na miwili Dhondiba Kadu aliwabeba wageni wasioweza kupanda ngazi za ngome yetu. Ni ngazi za mawe, zaidi ya elfu moja, zinazozunguka kilima hadi hekaluni. Machela yetu ni kiti kilichoning'inizwa kwenye mwanzi mnene, na wachukuzi ni wawili. Wa mbele huita kila anachokiona chini, kwa kuwa wa nyuma haoni ila mgongo wa abiria. "Jiwe!" "Utelezi!" Wa nyuma huitikia, kisha hukanyaga. Mbele hukaa mkubwa, kupanda na kushuka, na anayeiachia nafasi hiyo ni nadra kurudishiwa.

Mwaka wa thelathini na mbili, katika miezi minne ya mvua isiyo na kazi, macho ya Dhondiba yaliingia ukungu. Mkewe aligundua alipomwona akimimina chai nje ya kikombe. Alimsihi aende hospitali ya mjini. Alikataa. Kaka yake alipasuliwa jicho moja, akarudi haoni hata kwa lile zima.

Mvua ikiisha, wachukuzi wote hupanda kwanza na machela matupu, pekupeku, ili kuyajua mawe upya. Dhondiba alipanda polepole kuliko wote, akizihesabu ngazi kwa nyayo.

"Kaka, unazichumbia?" alimtania Sopan Dhebe, mwenzake wa nyuma.

"Nazisalimia. Wewe huna adabu."

Siku tatu baadaye alikuja Bibi Indumati kutoka Pune, mwembamba kama fimbo yake, pamoja na mwanawe. Dhondiba alitangulia akiita kwa sauti kubwa, bila kukosea, mpaka karibu na lango la pili.

"Jiwe pana!" aliita.

Jiwe halikuwepo. Mafundi walikuwa wameling'oa jana yake na kuzungushia shimo chokaa nyeupe. Dhondiba alizama hadi gotini. Machela yalilala upande wa bonde, na bibi akabaki amening'inia kwa mkanda wa kiti uliomfunga kiunoni. Sopan aliuzuia mwanzi kwa kifua mpaka mwenzake akainuka.

"Mmelewa nyie?" mwana wa bibi alifoka.

"Nimeteleza, bwana. Samahani."

Sopan aliitazama ile chokaa, kisha akamtazama Dhondiba. Walipanda sehemu iliyobaki, Sopan akichungulia ubavuni mwa kiti kila hatua.

Juu, bibi alipoingia hekaluni, wawili hao walikaa ukutani na mikate yao ya mtama na kitunguu.

"Kaka, ile chokaa hata mbuzi angeiona."

"Jua lilinipiga machoni."

"Jua lilikuwa mgongoni. Toka lini?"

Dhondiba aliuweka mkate chini. "Toka mvua za kwanza."

"Na ukanyamaza! Ningemwangusha mama wa watu, na mimi nikamfuata."

"Wakijua, Sopan, nitafanya nini? Nikae nyumbani nimenye vitunguu?"

"Sitamwambia mtu. Ila ukishika mbele, mimi siinui. Kushuka ni kubaya zaidi, unajua."

Alijua. Alijua pia kwamba wachukuzi wenzao wanane walikuwa wamekaa lango la chini, na kwamba wangeona nani ametangulia, na kazi yake ya mbele ingekwisha hapo.

Bibi alitoka na majivu ya ubani kwenye paji la uso. "Tayari, wanangu?"

Dhondiba alisimama. Alichukua kitambaa chake cha begani, akakikunja, akaenda nyuma ya kiti.

Walishuka. Sopan aliita, sauti yake ngeni na ya woga, na Dhondiba aliitikia kila neno. "Shimo!" Aliliruka bila kugusa ukingo wake.

Lango la chini wenzao wote waligeuka kuwatazama. Mzee mmoja alianza kusema kitu, akaacha, akajisingizia kikohozi. Dhondiba alimshusha bibi na kumfungua mkanda.

"Mwakani nitakuja tena, Mungu akipenda," bibi alisema. "Nitamwulizia nani?"

"Huyu. Sopan Dhebe."

"Na wewe?"

"Mimi nitakwenda mjini wanipasue jicho." Wenzake wote walisikia. "Nikirudi naona, bibi, utaniona hapa."

Alichukua viatu vyake alivyoviacha langoni kabla ya kupanda. Alipapasa mara mbili kabla ya kukipata cha kushoto.