Viraka vya Jirani wa Jangwani

Kila majira ya baridi, jirani yetu huegesha gari-nyumba lake palepale, ubavuni mwa letu, katika kambi ya wasafiri kwenye jangwa la Arizona. Hasalimii kwa mdomo. Hugonga kioo chetu kwa kastabini ya chuma iliyo kidoleni mwake, kisha hurudi kushona. Uzi hakati kwa mkasi, huung'ata. Sisi wazee wa kambini tuna desturi yetu: mwenzetu akifa safarini, mjane humpelekea jirani huyu shati la marehemu, naye hukata humo kiraka kimoja akakiunga kwenye blanketi lake refu. Hafui kitambaa kwanza kama wafanyavyo washonaji wengine. "Nikifua," husema kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "mwenyewe anaondoka."

Jana asubuhi alikuja na mkasi, akashika pindo la shati langu.

"We mama!" mke wangu Verlene akaangua kicheko. "Huyo bado anapumua! Juzi tu kamaliza sufuria nzima ya maharage!"

"Najua, shoga," akajibu, huku akinipapasa bega kama anayepima. "Wala sina haraka naye. Nafasi yake ipo."

Akalikunjua blanketi nione. Nafasi yangu ilikuwa wazi kweli, mraba mtupu. Kando yake kilikuwa kimeshashonwa kiraka cha maua ya njano. Nikageuka. Verlene alikuwa bado anacheka, mikono kiunoni, ndani ya gauni lake la maua ya njano, na penye pindo palikuwa na tundu la mraba, limekatwa vizuri.