Ganda la Chuma cha Nyonga

Siku ya kwanza nilipoingia chumba cha upasuaji kama muuguzi, katika hospitali moja ya Temeke, Muuguzi Mkuu hakunikaribisha. Alinipa pakiti iliyofungwa na kuniuliza, "Unaiamini?" Nikajibu naiamini. "Basi toka nje, urudi ukiwa huiamini." Nikatoka kweli. Tangu hapo sijaamini pakiti yoyote, hata ya chumvi.

Ndani mlikuwa na chuma cha nyonga, kile kinachopigiliwa ndani ya mfupa wa paja nyonga inapokuwa imelika. Juu yake pana ganda jeupe la madini yanayofanana na ya mfupa, linakwaruza kama ukuta uliopigwa lipu ovyo. Ganda hilo hukinga chuma dhidi ya majimaji ya mwili, na mfupa hulishika ukakua juu yake. Likichubuka, chuma huweza kulegea na mgonjwa akarudia magongo.

Nilipohamishiwa Kinondoni nilimkuta Daktari Bingwa mwepesi wa mkono na wa hasira. Siku moja mezani alikuwepo mwalimu wa Segerea, paja limeshapasuliwa. Kabla sijafungua pakiti nikaona ukingo wake umebandikwa upya. Nikakitoa chuma, nikakigeuza kwenye taa. Upande mmoja ulikuwa unang'aa, ganda limechubuka.

"Sista, lete!"

"Hiki sikupi, daktari."

"Wewe mama unashuku hata kivuli chako!"

"Nashuku. Subiri kingine."

Alinifokea, lakini alisubiri. Mwalimu yule alitembea.

Baadaye nikambana mtunza stoo. "Kilifunguliwa kwa mgonjwa mwingine, kikawa kikubwa, kikarudishwa," akasema. "Nikaona kama kina uchafu, sista, nikakisugua kwa brashi ya waya, nikakichemsha upya. Mie nilikuwa nasaidia tu." Alinitisha kuliko mwizi. Mwizi ningejilinda naye.

Sasa nimestaafu, naishi Bunju, na mwaka huu nyonga yangu mwenyewe imegoma. Nililala mezani nimechomwa sindano ya ganzi mgongoni, niko macho, shuka limesimamishwa mbele yangu nisione kitu. Niliogopa sana, sifichi. Miaka yote nilikuwa upande wa pili wa shuka lile, na sasa sikumjua aliyeshika pakiti yangu.

Nikasikia inachanwa.

"Vipi, sista?" daktari akauliza.

"Dokta, hii siielewi," ikajibu sauti ya binti. "Naomba nifungue nyingine."

Daktari akasonya. Mie nikafumba macho, nikalala usingizi.