Jirani wa Kwanza wa Meya

Kabla Wajerumani hawajaingia Uholanzi, Egbert Hulsman alikuwa ameshindwa kila kazi aliyoishika. Aliuza mbegu, zikagoma kuota. Akauza baiskeli, akafilisika. Akajiunga na chama cha mashati meusi, Waholanzi waliomshabikia Hitler, wakati watu bado wanakicheka, akawa anasimama sokoni peke yake akigawa magazeti ambayo wanakijiji waliyafungia samaki.

Vita vikaja. Meya wa zamani akafukuzwa, na kiti akapewa nani? Egbert. Akavaa buti zinazolia njia nzima. Akakusanya redio za watu, akakusanya baiskeli, akaitoa hata kengele ya kanisa ikayeyushwe. Kisha wakachukuliwa akina de Haas, Wayahudi wenye bucha kando ya mfereji, wazazi na watoto, naye akasimama pale kuhakikisha mlango umefungwa vizuri. Baada ya hapo akageukia vijana wa kupeleka kwenye viwanda vya Ujerumani.

Hillechien Kamps, mjane mwenye ng'ombe wachache, farasi mmoja na mwana mmoja aitwaye Lammert, alipakana na nyumba ya mama yake Egbert, bibi Aaltje. Katika sehemu zile za mkoa wa Drenthe, wa nyumba ya karibu ndiye jirani wa kwanza. Humchagui, wala humkatai. Ukizaa, yeye ndiye anayekupokelea mtoto. Ukifa, anakufumba macho. Kwa hiyo bibi Aaltje alipokata roho, Hillechien alimfumba macho, akasimamisha saa ya ukutani, akageuza kioo kitazame ukuta, kama desturi ya msiba.

Egbert akaingia na buti zake.

"Jeneza litafunikwa bendera ya chama," alisema. "Wakubwa wangu wanakuja kutoka Assen."

"Mama yako alikuwa hataki hata kuiona."

"Mama amekufa. Farasi na mkokoteni unatoa wewe, ndiyo kazi ya jirani wa kwanza. Ukinigomea, Lammert anapanda treni ya Jumatatu. Ukifanya vizuri, nitafikiria."

Hillechien aliijua hiyo "nitafikiria". Mwana wa muoka mikate naye alifikiriwa hivyo hivyo, na sasa yuko Ujerumani anamwagiwa mabomu kichwani. Mwanawe angekwenda tu, bendera iwepo isiwepo.

"Haya, Meya," alisema. Hakuwa amewahi kumwita hivyo, na Egbert akavimba kama unga uliotiwa hamira. "Lakini mama yako hajatangazwa. Au unataka azikwe kama paka?"

"Atangazwe!"

"Anayetangaza msiba anatoka nyumbani kwangu, anapita mlango kwa mlango. Mimi magoti yamenikataa. Lammert angekwenda, ila Wajerumani wanaolinda daraja watamkamata."

"Nitawaambia wampishe."

"Na jamaa zenu wa kule ng'ambo, kinamasini?"

"Wote! Nataka kanisa lijae."

Egbert alizaliwa pale, desturi aliijua. Aliona jirani amefungwa nayo mikono na miguu, hana pa kugeukia. Hapo ndipo alipokosea.

Hillechien alimvika mwanawe koti jeusi la marehemu baba yake na kofia ndefu ya msiba.

"Nikirudi, Mama, si watanipandisha hiyo treni?"

"Nani kakwambia urudi? Nyumba ya mwisho kule kinamasini ni ya shangazi yako Jantien. Ukishatangaza pale, vua kofia, uingie ndani, utulie."

"Na wewe je?"

"Mimi nina mazishi. Toka, usinitie machozi kwenye kahawa ya wafiwa."

Pale darajani, askari walimpisha Lammert kwa heshima zote.

Siku ya kuzika, wakubwa wa Assen walijipanga na mashati yao meusi. Jeneza likapakiwa, bendera juu. Hillechien akapanda mkokoteni mwenyewe, jambo ambalo mwanamke halifanyi, akashika hatamu, lakini hakuendesha. Farasi naye hakusogea.

Egbert akasogea. "Lammert yuko wapi?"

"Anatangaza."

"Mpaka leo?"

"Si ulisema wote? Mama yako alikuwa na ndugu wengi, na kinamasi ni kikubwa."

Uso wa Egbert ukawa kama maziwa yaliyoganda. "Nitakufunga," alinong'ona.

"Nifunge. Wajerumani wakikuuliza kijana alivukaje daraja, uwatajie aliyewaambia wampishe. Mbona unanong'ona? Sema kwa sauti, wakubwa wako wasikie."

Kijiji kizima kilikuwa kimesimama, kofia mikononi. Wakubwa wa Assen wakaanza kutazama saa zao.

"Endesha, Hillechien. Tafadhali."

"Toa hiyo nguo kwanza. Farasi wangu havuti chama."

"Unanidhalilisha mbele ya watu!"

"Mbele ya watu ndipo ulipotaka. Au jeneza walibebe hao rafiki zako. Kanisa lile pale, na tope hili hapa."

Egbert akawageukia rafiki zake. Kila mmoja aliinamia buti zake, zilizopigwa rangi asubuhi ile. Basi Meya akanyoosha mikono, akaivuta bendera mwenyewe, ikakwama kwenye msumari wa jeneza, akaing'ang'ania mpaka ikachanika pembeni.

"Taratibu," Hillechien alimwambia, "mama yako amelala."

Akampigia farasi ulimi. Mkokoteni ukaanza kwenda, kijiji kikaufuata, na Meya akatembea nyuma yao topeni, bendera kwapani, akitafuta pa kuitupa.