Miguu ya Mkwe Wangu

Kwa herufi sina mpinzani kuanzia Zinga mpaka Bagamoyo mjini. Nalisema mwenyewe kwa sababu nikisubiri watu waliseme nitakufa nasubiri. Shule niliiacha darasa la tatu, na bado mabango mengi ya barabara hii, ya maduka, ya mashine za kusaga, ya mabucha, yametoka mkononi mwangu. Ng'ombe wangu wa buchani ukimtazama unasikia njaa. Nyumba ninayokaa nimeijenga kwa brashi.

Lakini binadamu alinishinda. Kinyozi mmoja wa Kerege alinipa ukuta mzima nimchoree vichwa vya mitindo ya nywele. Nikachora. Nywele zilikuwa safi kabisa. Chini ya nywele ndiko kulikokuwa na balaa. Wateja wakawa wanaingia na kumwambia, "Ninyoe kama yule wa pili, ila sura niachie yangu." Alivumilia mpaka Ramadhani ikaisha, akapiga chokaa.

Tangu hapo nikawa namkwepa binadamu. Mama lishe akitaka bango, namchorea sahani ya wali. Fundi nguo, namchorea cherehani. Hakuna aliyelalamika.

Aliyenirudisha kwa binadamu ni mke wangu. Yeye na wenzake wana kikundi cha taarab, akina mama watu wazima, wanaimba kwenye harusi za huku kwetu. Binti yetu kitindamimba alipoposwa na kijana wa Kerege, wakatunga wimbo mpya wa siku hiyo, wakaurekodi studio mjini, wakataka na video. Tatizo, nusu ya kikundi waume zao hawataki sura za wake zao zizunguke kwenye simu za watu. Mke wangu akanijia na dawa.

"Tuchoree katuni. Wewe si fundi?"

"Mimi fundi wa mabango."

"Basi bango litembee."

Ndivyo alivyo. Hajui kuomba, anajua kuagiza.

Bibi harusi mwenyewe ndiye aliyenionyesha kazi. Kuna programu kwenye simu: unapiga picha, unasogeza kitu kidogo, unapiga tena, mwisho picha zikikimbizwa pamoja kile kitu kinatembea. Nikakata mtu kwenye boksi la sabuni, mikono na miguu nikaiunga kwa pini. Simu ilitakiwa itazame chini bila kutikisika, nikaifunga kwenye shingo ya mbuzi ya kukunia nazi, nikaipandisha juu ya kigoda. Mbuzi ile ilikaa kazini siku nyingi. Nyumba nzima tukala mchuzi wa maji, na kila kijiko mke wangu alinikumbusha nazi ziko wapi.

Mtu wangu wa kwanza alitembea kama anakanyaga udongo wa kujengea. Miguu inakwenda, yeye haendi. Wa pili alikwenda, lakini mkono wa kulia ulitoka na mguu wa kulia, wa kushoto na wa kushoto.

"Baba, huyu kabanwa na haja," binti akasema.

Nikaudhika, kisha nikakaa nikafikiri. Ubao wangu nikauhamishia kando ya barabara, nikaanza kutazama watu wanavyopita. Nilikuwa natembea tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kujua kwamba mkono wa huku hufuatana na mguu wa kule. Kila apitaye, nachora. Sio uso. Uso nilishaachana nao. Nilichora nyonga, magoti, bega linalotangulia, kisigino kinachoburuta. Na hapo ndipo nilipomwelewa binadamu: haanzii usoni, anaanzia kiunoni. Huku kwetu mtu akitokea mbali, kabla hujaona ni mweupe au mweusi, umeshasema, "Yule fulani anakuja." Umemjulia wapi? Mwendo.

Bila shaka maneno yalimfikia mke wangu.

"Nasikia unakaa barabarani unatazama wanawake wa watu."

"Natazama miguu."

"Ee Mola! Hata kudanganya hujui?"

Nikamwonyesha michoro. Akaifunua mmoja mmoja, kisha akasema polepole, "Huyu muuza vitumbua. Huyu mke wa imamu. Ah, na huyu shoga yangu, nyonga yake ile mbovu!" Akacheka mpaka akakaa chini. Hakurudia tena habari za wanawake wa watu. Nami nikajua nimeshakuwa fundi wa binadamu.

Sasa wimbo wenyewe ulikuwa wa mafumbo, kama taarab inavyotakiwa. Unamsema mwanamke asiyetulia kwake, kazi yake kuchungulia ya wenzake.

"Wafagia kwa jirani, kwako umeacha jaa,
Ya kwetu wayabaini, yako yanakuhadaa."

Nikamkata huyo mwanamke kwenye boksi, nikamvika vipande vya kanga halisi, nikampa fagio. Akawa anapita nyumba hii kwenda nyumba ile, anafagia vibaraza visivyo vyake. Mwendo nilimpa ule mzuri kuliko yote niliyowahi kuchora: bega linatangulia kama anasukuma mlango, anakwenda, anasimama ghafla, shingo inageuka, anapandisha kanga begani, anakwenda tena. Nilipoutazama ukitembea pamoja na ngoma, nilijipongeza kwa sauti. Hakuwepo mwingine karibu wa kunipongeza.

Binti akaituma kwenye magrupu ya simu asubuhi. Kabla ya adhuhuri mke wangu alinijia na simu mkononi, uso umemkauka.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Barabarani."

"Barabara gani? Huyu ni mkwe wetu!"

Mama yake bwana harusi. Alikuja siku ya kupanga mambo ya harusi, nikamwona akikata uwanja wetu, nikachora. Mimi nilichukua mwendo, sikumchukua yeye. Nikamwambia mke wangu hivyo.

"Mwanaume wewe! Fumbo hutupwa hewani, kila mtu ajiokotee lake. Hata akijua ni lake, hawezi kusema, akisema kajitangaza. Wewe umekwenda kumfunga mtu mguuni!"

Hakumaliza, tukasikia hodi. Mkwe mwenyewe, kaja kwa bodaboda kutoka Kerege, baibui limejaa vumbi.

"Karibu mkwe, karibu ukae," mke wangu akasema, sauti laini kama bokoboko.

"Sikai. Nimekuja kutembea."

Akatembea. Alikata uwanja wetu kutoka mlangoni mpaka kwenye banda la kuku, bega mbele, akasimama, akageuza shingo, akapandisha mtandio, akarudi. Sijawahi kuona kazi yangu ikithibitishwa vile.

"Haya. Nani huyu?"

Binti alikuwa kajificha nyuma ya pazia analia.

"Mwanangu haoi kwenye nyumba inayonishikisha fagio. Mpaka mwanamke yule apate miguu mingine." Akapanda bodaboda, akaondoka.

Miguu mingine. Rahisi kusema. Nikatoa michoro yangu yote nikaitandaza sakafuni. Miguu ya nani? Ya muuza vitumbua, tutakula nini asubuhi? Ya mke wa imamu, nikahame kabisa. Nikamwambia mke wangu anipe yake, akanitazama tu. Kubuni mwendo usio wa mtu nilijaribu, ukatoka yule yule wa kukanyaga udongo.

Nyuma ya pazia binti bado alikuwa analia, na yule ndiye wa mwisho, niliyembeba mgongoni mpaka zahanati alipokuwa na surua. Nikamwita.

"Lete simu. Nirekodi mimi."

"Ukifanya nini?"

"Nikitembea."

Nikajifunga kanga ya mama yake ili nione kitambaa kinavyokwenda, nikashika fagio, nikakata uwanja. Muuza mkaa alikuwa anapita njiani. Alisimamisha baiskeli, akanitolea shikamoo ya woga, akaondoka mbio. Kisha binti akanionyesha.

Miaka yote nilijua natembea kama mtu aliyejijengea nyumba. Niliyemwona pale ni bata mzee anayetafuta pa kutagia. Kidevu kinafika kwanza, tumbo linafuata, makalio yanakuja kwa wakati wake.

"Huyu nani?" nikauliza.

"Wewe, baba."

"Simu mbovu hii."

Lakini nikachora. Nilichora bila kujipendelea, kwa sababu ningejipendelea usingekuwa mwendo, na mkwe angerudi. Yule mwanamke wa fagio akapata miguu yangu. Video ikatumwa upya. Kutoka Kerege ikaja sauti ya mkwe, fupi: "Sasa huyo namjua. Harusi ipo."

Siku yenyewe, baada ya nikaha, wanaume tulikuwa kwenye mikeka nje, tumeshiba pilau. Wanawake walikuwa ndani ya uzio, runinga imewekwa dirishani, spika zinatufikia hata sisi. Wimbo wetu ulipopigwa, kicheko kilichotoka mle kilitimua kunguru. Nikajua nimefika kwenye runinga.

Kwenye taarab, mtu akisikia ubeti umemgusa adui yake, huinuka na noti akatunza, na huku akitunza humtazama yule anayemkusudia. Mkwe akainuka. Lakini hakwenda kwa mwimbaji. Alitoka nje ya uzio, akaja moja kwa moja mpaka kwenye mikeka ya wanaume, noti juu, akaichomeka kwenye kofia yangu. Wazee wenzangu wakapiga mapaja kwa vicheko. Hapo hapo kila mtu akajua mwenye fumbo ni nani, na sikuwa na pa kwenda.

Akainama sikioni kwangu.

"Mkwe, kazi nzuri. Ila mkono wako wa kushoto umeukosea. Mwili mzima unakwenda, wenyewe umekunjika tu, umekufa."

"Haujafa. Ndio unaoshika kopo la rangi."

"Kopo liko wapi?"

"Nimeliweka chini. Mkono haujaambiwa."

Akautazama mkono wangu pale juu ya mkeka, umekunjika vile vile. Kisha akasogeza sinia, akakaa.